Nyumba za Udongo, za Devon na za Baraka

Leo mazungumzo yetu ni juu ya nyumba. Sisemi nyumba za magorofa, wala zile tunazoziona kwenye picha za Kinshasa na Dubai. Nasema nyumba ya mkulima, nyumba ya udongo.

Chukua ramani ya Ziwa Tanganyika. Maji yaliyo kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, haya tunayooga na kuvua kila siku, utakuta yameandikwa jina la mtu: Ghuba ya Burton. Huyo ni Richard Francis Burton, Mwingereza aliyefika ziwa hili mwaka 1858 pamoja na mwenzake John Hanning Speke. Walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapitia Ubwari, wakafika Uvira. Burton akaiandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Mvuvi yeyote wa hapa angemwelekeza nchi inakoungana na nchi, lakini ndivyo ramani za zamani zilivyotengenezwa: mgeni anapita, anaandika, na wenyeji wanaendelea na kazi zao.

Sasa, huyu bwana alizaliwa wapi? Torquay, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1821. Na Devon ni nchi ya nyumba za udongo. Ndiyo, udongo. Nyumba za wakulima za huko, nyingi zenye umri wa miaka 400 na 500, kuta zake hazikujengwa kwa tofali la kuchoma wala simenti. Watu wanaishi ndani yake hadi leo, wana umeme na intaneti, na wakiuza moja wanadai bei ambayo mimi na wewe tukiisikia tutakaa chini. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo alikuja Afrika, akakuta watu wanaishi katika nyumba za udongo, akaziandika kama kitu cha ajabu. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1860, na maneno yake juu ya wenyeji si ya upole hata kidogo.

Nataka tuzichunguze nyumba hizo za Devon vizuri, kwa sababu huwa nasikia vijana wetu wakisema udongo ni umaskini. Mafundi wa huko walifanyaje? Walichimba udongo palepale kwenye kiwanja, wenye mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga na kokoto ndogo. Wakatia maji na majani makavu ya ngano, kisha wakaukanyaga kwa miguu, na mara nyingine wakapitisha ng'ombe waukanyage. Mpaka hapo, fundi wa Mutambala hajaona kitu kigeni. Tofauti inaanza baadaye. Wao hawakutumia kalibu ya tofali, wala hawakuweka fito ndani ya ukuta. Udongo uliinuliwa kwa uma ya shambani, ukarundikwa juu ya msingi wa mawe, ukapigwapigwa, tabaka moja likaachwa likauke kwa wiki kadhaa kabla ya kuweka jingine juu yake. Halafu fundi akachukua sepetu kali akakata kingo ukuta ukanyooka. Ukuta ulikuwa mnene wa sentimita 60, wakati mwingine hadi 90. Nyumba ingeweza kuchukua zaidi ya kiangazi kimoja kumalizika. Haraka haikuwepo.

Watu wa Devon wana msemo wao kwamba nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa la majani lililoinama sana na kutokeza mbali nje ya ukuta, ili mvua idondoke mbali. Viatu ni msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, ili maji yasipande kutoka chini wala matone yasiruke na kuchimba ukuta. Ukivipata hivyo viwili, udongo haufi. Ukikosa kimoja, hata ukuta wa mita nzima utaanguka.

Kuna nyumba moja nitawatajia kwa jina. Inaitwa Hayes Barton, karibu na kijiji cha East Budleigh, hukohuko Devon. Ni nyumba ya mkulima, kuta za udongo, paa la majani, mbele ina mabawa mawili na kibaraza cha kuingilia katikati. Humo alizaliwa Walter Raleigh, miaka ya mwanzo ya 1550. Baba yake hakuimiliki, alikuwa amepanga tu. Mtoto akakua, akawa askari na baharia, akapendwa na malkia Elizabeth wa Kwanza, akapata mali na jina. Na mwaka 1584, akiwa katika kilele cha bahati yake, akaandika barua kwa mwenye nyumba kumwomba amuuzie. Alitaka kukaa pale alipozaliwa. Hakuipata. Mtu aliyekuwa anaingia na kutoka ikulu alinyimwa nyumba ya udongo! Yeye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1618 kwa amri ya mfalme mwingine, na nyumba ingali imesimama.

Ndani ya nyumba hizo za kale kulikuwaje? Msidhani kulikuwa na raha. Nyumba ya mkulima wa Kiingereza ya miaka ya 1400 ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa usio na dari, na moto uliwashwa katikati ya sakafu. Bomba la moshi halikuwepo. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya paa, ukatoka ulivyoweza kutoka. Baba, mama, watoto, watumishi, wote wakikohoa pamoja. Mwenye mama au bibi anayepikia katika jiko la nyasi ananielewa. Na katika nyumba za milima ya Dartmoor, hukohuko Devon, ng'ombe walilala upande mmoja wa nyumba ileile na watu upande mwingine, kukiwa na njia ya kupita katikati. Upande wa ng'ombe uliwekwa chini kidogo kwenye mwinamo, ili mkojo utiririke nje usije kwa watu.

Moshi huo ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Masizi yalishika kwenye mbao na kwenye tabaka la kwanza la majani ya paa. Na kwa kuwa mafundi wa Devon paa likichakaa waliongeza majani mapya juu ya yale ya zamani bila kuyang'oa, lile tabaka la chini kabisa limebaki. Leo wataalamu wanapanda darini, wanakuta majani meusi ya masizi yenye miaka 500 au zaidi, na ndani yake mabua na magugu ya mashamba ya wakati ule. Wanajua mkulima yule alilima nini kwa kuangalia paa lake. Mnaona jinsi nyumba inavyoweza kuwa daftari?

Bomba la moshi la matofali liliingia kwa wakulima wa kawaida katika miaka ya 1500 na 1600. Mwanahistoria W. G. Hoskins, mwenyeji wa Exeter kulekule Devon, aliandika mwaka 1953 kwamba kati ya 1570 na 1640 wakulima wa Kiingereza walijenga upya nyumba zao kwa wingi, kwa sababu bei ya mazao ilipanda na walipata fedha. Moto ukahamishwa ukutani, ukumbi ukawekewa dari, juu kukapatikana vyumba vya kulala. Wasomi wengine walikuja kubishana naye juu ya miaka, lakini sababu aliyoitaja naiamini: mkulima akipata bei nzuri ya mazao yake kwa miaka kadhaa mfululizo, na akawa na hakika kwamba kesho hatakimbia, anajenga. Hakuna siri nyingine. Baadaye serikali ya huko, mwaka 1696, ikaanzisha kodi ya madirisha: kadiri ulivyokuwa na madirisha mengi ndivyo ulivyolipa. Watu wakaziba madirisha yao kwa matofali. Kodi hiyo iliendelea hadi 1851. Naomba watoza kodi wetu wasiisikie habari hii.

Tugeuke sasa upande wetu. Panda boti hapa Baraka, vuka hadi Kigoma, chukua treni ushuke Tabora. Kilomita chache kutoka mjini kuna mahali panaitwa Kwihara, na hapo pana nyumba ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ndugu wa karibu wa zile za Devon katika ukanda wetu. Ni tembe. Tembe ni nyumba ya nchi kavu ya katikati ya Tanzania: kuta nene za udongo, vyumba vimepangwa kuzunguka ua, na paa limelala, limetengenezwa kwa magogo, fito, na tabaka la udongo juu yake. Wagogo na Wanyamwezi waliijenga kabla mgeni hajafika, na Wagogo waliingiza ng'ombe ndani ya ua usiku. Wafanyabiashara wa Kiarabu na waungwana wa pwani walipofika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, wakaikubali, wakaipanua, wakaongeza baraza mbele na mlango wa mbao uliochongwa kama wa Unguja na Bagamoyo.

Burton na Speke walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, Novemba 1857, wakakaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Lakini jina la Kwihara lilikuja kuvuma mwaka 1871, alipofika mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akimtafuta mmisionari David Livingstone. Stanley akapewa tembe akae. Mwezi wa Agosti vita vikawaka kati ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa Urambo, na Mirambo akaja akachoma sehemu ya Tabora. Kule Kwihara, Stanley na watu wake wakatoboa matundu katika kuta za tembe, ya kupitishia midomo ya bunduki. Ukuta wa udongo ulikuwa ngome. Ua ukajaa watu, mizigo na hofu. Mirambo hakufika Kwihara.

Stanley akaenda Ujiji, akamkuta Livingstone. Kabla ya kurudi, Novemba na Desemba ya mwaka huo walisafiri pamoja kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa letu, wakaona Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Hilo swali lilikuwa limewasumbua wasomi wa Ulaya miaka mingi. Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki katika tembe ile hadi Agosti, akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley. Baada ya hapo akaelekea kusini, akafa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, ndani ya kibanda ambacho wenzake walimjengea harakaharaka mvua ikinyesha. Watumishi wake Susi na Chuma, na wenzao, waliubeba mwili wake hadi pwani, na walipopita Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa walikuwa wamembeba.

Tembe ya Kwihara haikudumu kama Hayes Barton. Ilianguka. Hiyo unayoiona leo, makumbusho ya serikali ya Tanzania, ilijengwa upya wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, kwa mtindo wa ile ya zamani. Na sababu ya kuanguka si kwamba fundi wa Unyanyembe alikuwa hajui kazi. Angalia paa. Paa la udongo lililolala linafaa nchi yenye mvua chache, na hata huko linadai mtu apande kila mwaka kuziba nyufa. Siku wenye nyumba wanapohama, masika mawili matatu yanatosha: maji yanatuama juu, magogo yanaoza, dari linashuka, na kuta zikishabaki wazi zinayeyuka. Kofia imekosekana.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba tembe haikuvuka ziwa. Waungwana waliokuja upande wetu, wakapita hapa pwani ya Baraka kuelekea Kabambare na Kasongo, walituachia lugha hii tunayozungumza, wakatuachia dini ya Kiislamu, na nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele na ua nyuma, ambayo mpaka leo unaiona ukipita mtaani. Paa lililolala halingefaa Fizi. Hapa mvua inaanza Septemba, inaendelea mpaka Mei. Nyumba ya hapa ilihitaji paa la kuinama. Nao wazee wa Kibembe walikuwa na lubunga yao, banda la wanaume, moto katikati, mashauri ya kijiji yakikatwa hapo. Mtu wa Devon wa mwaka 1400 angeingia, angekaa, moshi usingemshangaza.

Sasa swali ninalotaka tulijadili kwa ukweli. Kwa nini katika Fizi nzima ni vigumu kumwonyesha mtoto nyumba aliyojenga babu wa babu yake? Jibu tunalolipenda ni kwamba tulijenga kwa udongo. Mimi silikubali jibu hilo, na nimewaeleza za Devon ili mnielewe. Udongo wetu hauna kosa. Nyumba inakufa mwenyewe akiondoka. Na sisi tumeondoka mara ngapi? Wakati wa uasi wa 1964 na 1965 watu walikimbilia porini na ng'ambo. Mwaka 1996 wakakimbia tena, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, ikafunguliwa. Wengi wenu mnaonisikiliza mlizaliwa huko. Huko nako mlijenga kwa tofali bichi, mkajua kukanda, kupiga, kukausha na kusiriba. Kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma, zikawashusha hapa Baraka. Mtu akarudi kwenye kiwanja chao akakuta nini? Kichuguu cha udongo, mwembe, michikichi miwili, labda jiwe la kusagia. Paa lilichomwa au liliibwa, na ukuta ulionyeshewa miaka kumi bila kofia. Nionyesheni nyumba ya Devon iliyoachwa hivyo ikasimama.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya jinsi tunavyojenga sasa. Kila mtu anataka tofali la kuchoma. Sawa, ni zuri, halilowi haraka. Lakini kila tanuru linakula miti, na vilima vinavyoonekana kutoka barabarani vimeshabaki vipara. Halafu tunapiga bati fupi, kwa sababu bati ni ghali, ukingo wake haufiki hata kiganja kimoja nje ya ukuta. Mvua ya upepo wa ziwani inapiga ukuta moja kwa moja. Tunaona ukuta unalika, tunaupaka simenti. Hapo ndipo watu wa Devon wana somo ambalo walilipa gharama kubwa kulipata. Katika karne ya 20 nao walizipaka nyumba zao za udongo simenti, wakidhani wanaziimarisha. Simenti ikapasuka nyufa ndogo, maji yakaingia, yakashindwa kutoka, ukuta ukalowa ndani kwa ndani huku nje ukionekana mzuri, na siku moja ukamwagika. Sasa mafundi wao wanabandua simenti hiyo na kurudi kwenye lipu ya udongo na chokaa, inayoruhusu ukuta kukauka. Kama nyumba yako ni ya tofali bichi, fedha ya mfuko mmoja wa simenti ingekufaa zaidi ukinunua bati la kurefusha ukingo, nusu mita au zaidi, na mawe ya kuinua msingi.

Wala sisemi kwamba kofia na viatu vinazuia kila kitu. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, liliangusha nyumba Kalemie. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani Uvira, Kalemie na Bujumbura, na ukuta uliosimama ndani ya maji hauna dawa. Kujenga mbali na ufuo ni jambo la kuzungumza kipindi kingine, na najua litatugombanisha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Waingereza. Wao nao walikuwa wakibomoa. Mwishoni mwa miaka ya 1800 nyumba za zamani za wakulima zilikuwa zinaanguka ovyo, hakuna anayezitaka. Katika kijiji cha Alfriston, kusini mwa nchi hiyo, kulikuwa na moja ya kama mwaka 1400, nguzo za mbao, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la majani, karibu kuanguka. Sakafu ya ukumbi wake ni ya chokaa ya mawe iliyoshindiliwa na kupakwa maziwa yaliyoganda ili iwe ngumu. Msiwaambie wafugaji wa Minembwe. Mwaka 1896 shirika la kuhifadhi, lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, liliinunua kwa pauni 10. Ilikuwa jengo la kwanza kulinunua. Kuitengeneza kuligharimu zaidi ya kuinunua. Leo shirika hilo, National Trust, lina majumba mamia, na lilianza na nyumba ya fito na udongo ambayo mtu wa Ngandja angeweza kuikandika bila kufundishwa.

Sisi hatuna shirika la namna hiyo hapa Fizi, na sitawadanganya kwamba litakuja kesho. Lakini simu mkononi tunazo. Kabla hujabomoa nyumba ya zamani ya ukoo, iwe ya udongo, ya misheni au ya enzi ya Wabelgiji, ipige picha pande zote nne, na ndani pia. Ipime kwa kamba au hatua. Muulize mzee aliyebaki nani aliijenga, fundi alitoka wapi, majani yalikatwa wapi, moto ulikaa wapi, nani alilala chumba gani, na walikimbia mwaka gani. Andika kwenye daftari. Nakala moja mpe mwalimu mkuu wa shule ya karibu, nyingine ibaki nyumbani.

Laini za simu sasa ziko wazi. Kama katika mtaa wenu au kijiji chenu kuna nyumba iliyosimama tangu kabla ya 1964, tupigie utuambie iko wapi na nani aliijenga. Tutaandika hapa studio.